Maji ya Kumwogesha Mtasema

Watu wa Kansay waliniita Mwogesha Mbwa, na mimi nikawajibu palepale: ndiyo, na mbwa wangu wananukia kuliko waume zenu. Nani angebisha? Ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na chumvi ya mawe. Sabuni ikija ilikuja kipande kimoja kwa kaya, unapanga foleni tangu alfajiri, saa sita unaambiwa imekwisha. Elimringi, yule Mchaga mwenye duka Karatu, alikuwa nayo chini ya meza, lakini kwa bei yake ungeuza kwanza mbuzi. Watu walioga kwa magadi na kufua kwa maji ya majivu. Mimi, Bernadina, nilishika shampuu mara tatu kwa wiki. Ya mbwa, sawa. Lakini shampuu.

Nilifanya kazi kwa Mama Greta, mzungu mwenye shamba la kahawa njia ya Oldeani. Alikuwa na mbwa wawili wenye manyoya marefu, na kazi yangu Jumatatu, Jumatano na Jumamosi ilikuwa kuwachana, kuwatoa kupe na kuwaogesha. Msicheke. Kazi ile ina elimu yake. Kulikuwa na chupa nyeupe ya shampuu ya kulainisha manyoya, na chupa nyekundu ya viroboto na kupe. Nyekundu ni kizibo kimoja kwenye ndoo nzima ya maji, usizidishe. Povu likae dakika kumi, kisha unasuuza mara tatu mpaka maji yatoke safi. "Mbwa hujilamba, Bernadina," Mama Greta alikuwa akiniambia, "na ngozi nayo inakunywa." Maneno hayo niliyakariri kama katekisimu. Ningeamshwa usingizini ningeyasema yote bila kukosea.

Sasa nieleze habari za Blandina, mke wa mdogo wangu Martini.

Blandina alikaa miaka sita kwetu bila mtoto. Wanawake wa kisimani walimsema mpaka wakachoka, na yeye akachukua kitoto cha mbwa, cha kahawia, akakiita Mtasema. Kila jioni unamsikia anaita kwa sauti, "Mtaseemaa! Mtaseemaa!" na wambea wote wanasikia. Nilimpenda kwa hilo. Tulikuwa wifi na wifi, lakini tulicheka kama watu waliozaliwa tumbo moja.

Mwaka wa saba akapata mimba. Mwezi wa tatu mwaka huo wa themanini na mbili akajifungua, mtoto wa kiume, amekufa.

Sisi Wairaqw, hata tuliobatizwa na kupewa kipaimara, tuna mwiko unaoitwa metimani. Mwanamke aliyezaa mtoto mfu amebeba kifo mwilini mwake, na kifo kinaambukiza. Anakaa kwake ndani ya ua mpaka wazee wamfungue, na inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa mwaka. Haendi kisimani, haombi moto kwa jirani, hagusi chombo cha mtu. Anayevuka ua na kumgusa anafungiwa naye, na nyumba yake pia, na watoto wake pia. Padre alikuwa akiukemea mwiko huo kila Kwaresima. Tulisema amina, tukatoka kanisani, tukaizunguka nyumba ya Blandina kwa mbali.

Martini alikuwa Kakesio akinunua ng'ombe wa mnada na kuwaswaga. Aliposikia mtoto amezaliwa mfu hakurudi. Angerudi angefungiwa. Alituma salamu tu, mwanamume mzima! Nilimtukana mbele ya mjumbe wake mpaka mjumbe akaondoka bila kunywa maji.

Basi Blandina alibaki na watu wawili, kama mbwa ni mtu. Mmoja ni mimi. Kila asubuhi nilimpelekea unga kidogo na maji, nusu ndoo, maana nusu nyingine ni ya watoto wangu na kisima kilikuwa mbali. Nyumba yake ilizungukwa na ua wa manyara, yale yenye utomvu mweupe unaopofusha. Aliacha karai lake chini upande wake, akarudi nyuma, nami nikanyanyua ndoo juu ya ua na kumimina, vyombo visigusane. Ndivyo tulivyofanya miezi minne. "Sogeza karai, wifi!" Anasogeza. Namimina. Tunapiga soga kidogo, kila mtu na upande wake, naondoka.

Wa pili ni Mtasema. Alilala miguuni pake. Siku moja Blandina aliniambia kutoka huko alikosimama, "Wifi, huyu asingekuwapo ningesahau hata kuzungumza." Alisema huku anacheka, lakini macho hayakucheka.

Tatizo ni kwamba mbwa hajui metimani. Alipita chini ya manyara akaenda kijiji kizima, akanusa vyungu, akalamba vibakuli. Mwezi wa saba ndama wa mzee Qamara akafa. Nilimwona ndama yule: tezi za shingo zimevimba, macho meupe, anakohoa. Ilikuwa ndigana, ya kupe, hata mtoto mdogo angejua. Lakini Qamara alimkuta Mtasema amelala zizini kwake siku moja kabla, na hilo likamtosha.

Wazee wakakaa. Sisi wanawake tulisimama pembeni. Qamara, mzee mrefu mwenye blanketi la kijivu na mkuki asiouacha hata akienda kujisaidia, akasema, "Mbwa wa nyumba ile anatembeza kifo. Auawe kesho."

Nikasikia damu inanipanda. Mdomo huponza kichwa, mama yangu aliniambia tangu nikiwa binti, na sikumsikia.

"Aako Qamara," nikasema, na kwetu ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, ingawa heshima siku hiyo ilikuwa ya mdomoni. "Ndama wako ameuawa na kupe. Mbwa yule ana kupe, kweli, kama mbwa wako mwenyewe. Kupe anaoshwa. Na hiyo ndiyo kazi yangu."

"La kuvunda halina ubani," akasema.

"Ubani haupo, shampuu ipo!"

Watu wakacheka, hata wazee wawili. Qamara hakucheka. Alinitazama sana, halafu akasema: "Haya, Mwogesha Mbwa. Jumamosi aoshwe. Saa kumi nitakuja mwenyewe uani. Nikimwona na kupe mmoja, mmoja tu, nitamchoma mkuki palepale na mama yake akiangalia. Na wewe usimguse. Ukimgusa unaingia kulekule."

Nilipompa Blandina habari, aliketi chini ghafla. "Wifi, wasiniulie huyu," akasema. "Nilipewa mwana nikanyang'anywa. Huyu hapana." Akashika udongo kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Ng'o! Hauawi mbwa hapa. Mimi nipo." Nilisema hivyo kwa majivuno, na nilijisikia vizuri kusema.

Jumamosi asubuhi nikawa kwa Mama Greta, nimesimama mbele ya zile chupa mbili. Nyekundu ndiyo iliyotakiwa. Lakini Mama Greta alikuwa akichora mstari wa penseli kwenye karatasi ya chupa kila nikimaliza kuogesha, maana ilikuwa ya mwisho, mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na nyingine haikujulikana itatoka wapi. Ningeiba, ningefukuzwa jioni hiyohiyo. Na tena, niseme kweli, niliiona dhaifu. Mbwa wa Mama Greta wana kupe watatu kwa wiki. Mtasema alikuwa na kupe mpaka ndani ya masikio, wamejaa kama maharage. Nilitaka wadondoke wote. Nilitaka Qamara aje atafute kupe mpaka apate kibyongo.

Kwenye stoo ya shamba kulikuwa na pipa la dawa ya josho, ya ng'ombe, ya njano, ambayo ikiguswa na maji inageuka nyeupe kama maziwa. Hakuna aliyelichorea pipa mstari. Nikajaza chupa ya soda mpaka karibu na shingo. Juu yake nikatia vizibo viwili vya ile chupa nyeupe, ili lipatikane povu na harufu nzuri. Nikaitikisa. Ikanukia maua. Nikacheka peke yangu nikasema, Bernadina, una akili wewe.

Saa nane nilikuwa uani. Nikaifunga chupa kwenye kamba ya katani, nikaishusha upande wa pili. Blandina akaifungua, akanusa, akafumba macho.

"Mungu wangu, wifi. Tangu mwaka jana sijanusa kitu kama hiki."

"Cha mbwa hicho, usikimezee mate! Kizibo kimoja kwenye ndoo nzima. Povu likae dakika kumi. Suuza mara tatu."

Niliimba kama nilivyokariri. Ndoo nzima. Mara tatu. Yeye alinitazama tu, akamimina kizibo kwenye maji aliyokuwa nayo, yakawa maziwa. Alikuwa na maji gani? Alikuwa na karai moja lenye nusu ndoo niliyommiminia mimi mwenyewe asubuhi, na humo alikuwa ameshatoa ya kupikia. Nilijua. Hakuna mtu duniani aliyejua kiasi cha maji ya nyumba ile kuliko mimi. Lakini kinywa changu kilikuwa kwa Mama Greta, kwenye bomba linalotiririka.

Mtasema alisimama bila kulalamika, mkia chini. Blandina alimsugua kwa mikono mitupu, mgongo, tumbo, masikio. Dakika zikapita. Kupe wawili wakaanguka, wengine wakabaki wameng'ang'ania. Nikaangalia jua.

"Hawatoki, wifi!"

"Ongeza!" nikapiga kelele. "Huyo mzee anakuja! Ongeza, usiogope!"

Akaongeza kizibo, na kingine. Nikasema tena ongeza. Safari hii hakutumia kizibo, akamimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja mgongoni. Lo, kupe wakaanza kudondoka! Walianguka kama mtama unaopepetwa, na Blandina akacheka kwa sauti, kicheko chake cha zamani. Nami nikacheka huku narukaruka nje ya ua.

Halafu akanyanyua mikono yake iliyojaa povu, akaiangalia.

"Wifi, hii inatoa kila kitu?"

"Kila kitu!" nikamjibu. "Hiyo haiachi hata yai la kupe. Ukiona uchafu umebaki, nikate kidole!"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kisha nikaondoka kumwita Qamara, maana nilitaka afike mapema aone aibu yake.

Qamara hakupenda kuharakishwa. Alimaliza kwanza kunywa togwa, akatafuta blanketi, akatafuta mkuki, tukatembea kwa mwendo wake. Tulipofika jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Eyasi. Nikaita, "Mtasema!" Mbwa akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa anatembea kama amelewa. Miguu ya nyuma ilimpotea, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na mwili wote ukaanza kutetemeka, meno yanagongana, mate meupe yanatoka. Manyoya yake yalikuwa makavu, yameshikana kwa dawa. Hakuwa amesuuzwa.

"Unaona?" akasema Qamara kwa sauti ndogo. "Kimetoka kwenye ndama, kimerudi kwake."

Hapo Blandina akatoka ndani. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa, na chini ya kitambaa maziwa yale ya dawa yalikuwa yanamtiririka shingoni, mpaka kifuani. Gauni lilikuwa limelowa. Alikuwa anatabasamu, lakini upande mmoja wa mdomo ulikuwa unacheza peke yake.

"Wifi, nami nimeoga," akasema. "Ile iliyobaki. Nimejipaka yote, kichwa na mwili na tumbo. Nikajifunga ikae, kama ulivyosema. Metimani imetoka, wifi. Nasikia mwili unawaka, inatoka."

Yesu na Maria! "Suuza!" nikapiga ukelele. "Blandina, suuza sasa hivi!"

"Na nini?" akasema. "Maji yalikwisha kwa Mtasema, na hayakumtosha."

Nikataka kuvuka. Niliweka mguu kwenye lile pengo la mbwa chini ya manyara. Qamara akanishika mkono, na sikumbuki kama alishika kwa nguvu. "Una watoto wawili, Bernadina," akasema. "Ukivuka, na wao wamevuka."

Sitadanganya. Mguu niliurudisha.

Nikakimbia kisimani. Nimekimbia katika maisha yangu, lakini si kama siku ile. Nikajaza ndoo, nikarudi nayo kichwani inamwagika machoni. Blandina alikuwa amepiga magoti katikati ya ua, anatetemeka sasa kama mbwa wake, mikono imejikunja. Na mimi, sikieni, mimi nilifika uani nikanyanyua ndoo juu ya manyara, kama kila siku, nikasimama pale mikono juu, nikaita:

"Sogeza karai, wifi! Sogeza karai!"

Alinisikia. Alianza kutambaa kulifuata karai. Lilikuwa hatua kumi kutoka kwake, pale alipomwogeshea Mtasema. Akatambaa, akaanguka kwa ubavu, akatambaa tena. Nami nimesimama na ndoo juu, naita, nalia, naita. Akalifikia. Akalisukuma kwa kiganja, kidogo, kunielekea. Halafu mgongo ukapindika kama upinde, hakulisukuma tena.

Hapo ndipo nilipovuka. Manyara yalinichana, utomvu ukaniingia jicho hili la kushoto, ndiyo maana mnaliona hivi. Nilimmiminia maji yote, nikamvua kitambaa, nikamsugua nywele kwa mikono yangu mpaka zikabaki mikononi. Nikamwambia Qamara akalete maji, akaite watu wa kumbeba, tumpeleke zahanati. Nilipogeuka hakuwapo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na niliona watu wamesimama mbali, kwenye miteremko, wanaangalia. Hakuna aliyesogea. Blandina alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, jua halijazama bado. Mtasema alikuwa ameshatangulia.

Niliwazika wote wawili kwa jembe lake, ndani ya ua uleule. Ilinichukua siku mbili.

Sasa mimi ndiye ninayekaa humu. Watoto wangu wako kwa mama yangu Endamarariek, wamefungiwa nao, hawaendi shule. Kazi kwa Mama Greta imekwisha. Na kijiji kizima kinajua kilichotokea, kwa sababu Qamara amewaeleza: kifo cha mtoto kilimwingia mbwa, kikamwua ndama, kikarudi kikammaliza mama. Wanasema tuliambiwa tukabisha. Wanaofika karibu na ua nawaambia kweli. Nawaambia ilikuwa dawa ya josho, nilichagua mimi, niliiba mimi, nilisema ongeza mimi. Wanatikisa kichwa. Wanasema, masikini Bernadina, imeshampanda kichwani.

Jana Martini amerudi. Miezi mitano! Amesimama nje ya manyara na koti lake la mnadani, amekonda, analia kama mtoto, na hasira niliyomwekea siku zote hizo ikaniishia nikiiangalia. Nikamwita jina lake. Nikamwambia yote, tangu penseli ya Mama Greta mpaka karai. Sikujitetea hata kidogo. Nilitaka anitukane. Nilitaka avuke aje anipige.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso.

"Pole, dada," akasema. "Si wewe unayesema hayo. Ni hiyo iliyokuingia."

"Ni mimi, Martini!"

"Pole," akasema tena. Akainama, akachukua ndoo aliyokuja nayo. Ilikuwa nusu. Akainyanyua juu ya ua kwa mikono miwili, akasubiri.

"Sogeza karai, dada."

Nikalisogeza.